Msomaji Auliza: Bendi Iliyoacha Kunguruma

Swali

Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Gungu, Kigoma. Kaka yangu alinipa flashi yenye albamu mbili za bendi ya Uswidi iitwayo Katatonia, nikazisikiliza ndani ya treni nikienda Tabora. Ya kwanza, *Brave Murder Day*, nilianza nayo Uvinza. Mwimbaji ananguruma kwa nguvu kiasi kwamba mama niliyekaa naye alisikia nje ya hedifoni, akaniuliza kama simu yangu imeharibika. Ya pili, *Dead End Kings*, ilinifikisha Kaliua, na humo mtu anaimba kwa upole kama anayemsemesha mgonjwa. Kaka anasema ni watu wale wale, na kwamba waliusaliti muziki wao kwa ajili ya fedha. Je, ni kweli?

Jibu

Ndugu yangu wa Gungu, kaka yako amepatia nusu. Bendi ni ile ile, lakini aliyekuwa akinguruma Uvinza siye aliyekuimbia Kaliua, na hapo ndipo kisa chote kilipo.

Katatonia ilianzishwa Stockholm mwaka 1991 na vijana wawili, Jonas Renkse na Anders Nyström. Renkse alipiga drami na pia akawa ndiye mwenye sauti, na katika albamu ya kwanza, *Dance of December Souls* ya 1993, alinguruma mwenyewe, kwa muziki mzito wa mwendo wa pole. Baada ya hapo koo lake likagoma. Ilipofika wakati wa kurekodi *Brave Murder Day*, iliyotoka mwaka 1996, hakuweza tena kuitoa sauti ile, basi akaitwa rafiki yao Mikael Åkerfeldt wa bendi ya Opeth, ambayo nayo ni ya Stockholm, aje kunguruma kwa niaba yake, huku Renkse akibaki kwenye drami. Huyo ndiye aliyemshtua mama wa kwenye treni.

Sasa rudia albamu hiyo na usikilize wimbo wa tatu, uitwao “Day”. Jina la albamu limeundwa kwa majina ya nyimbo tatu za mwanzo, kwa hiyo hutapotea. Katika wimbo huo hakuna kunguruma hata kidogo: gitaa limepunguzwa makali, na Renkse anaimba kwa sauti yake ya kawaida, nyembamba na yenye kusitasita, kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa. Nadhani ulisinzia hapo, maana usingeniuliza swali lako. Sauti ya Kaliua ilikuwa imo ndani ya albamu ya Uvinza tangu mwaka 1996.

Miaka miwili baadaye, katika *Discouraged Ones* ya 1998, Renkse aliimba albamu nzima kwa sauti hiyo, na Åkerfeldt alikuwepo kumsaidia katika kuirekodi. Wakati huo wenyewe walikuwa wakizipenda bendi kama The Cure ya Uingereza na Red House Painters ya Marekani, ambazo huzuni yake haihitaji kelele, na mapenzi hayo yanasikika. Mwaka 1999 ikaja *Tonight's Decision*, ambamo drami zilipigwa na Dan Swanö, mwanamuziki mwenzao wa Uswidi aliyealikwa kwa kazi hiyo, kisha bendi ikampata mpiga drami wa kudumu, Daniel Liljekvist, na Renkse akabaki na kazi ya kuimba. Wewe mwenye kwaya unajua tofauti iliyopo kati ya kuimba ukiwa umeshika chombo na kuimba ukiwa huru. Albamu zilizofuata, *Last Fair Deal Gone Down* ya 2001 na *Viva Emptiness* ya 2003, zinamwonyesha mtu ambaye sasa anaijua sauti yake, na *The Great Cold Distance* ya 2006, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, inachanganya uzito wa magitaa na upole wa uimbaji bila kimoja kukimeza kingine.

Kuhusu usaliti, kaka yako ajibu jambo moja. Mwaka 1998, mwaka ule ule ambao Katatonia ilitoa albamu ya kuimba tupu, Renkse, Nyström, Åkerfeldt na Swanö walianzisha pamoja bendi nyingine, Bloodbath, kwa ajili ya metali, yaani muziki mzito wa magitaa, ya kunguruma ya aina ya zamani. Aliyeuchoka muziki haufungulii nyumba ya pili. Walichofanya ni kuyatenga mapenzi mawili yasigombane chini ya paa moja.

Sisi wa Tabora tumezoea kwamba bendi ina mtindo, na mtindo una jina. Wazee hapa wakiitaja Tabora Jazz hawachelewi kuitaja Segere Matata. Mtindo ukibadilika hutangazwa ukumbini, na shabiki huamua kama atabaki au atahama. Katatonia hawakutangaza chochote. Walibadilika kidogo kidogo, albamu hadi albamu, na ndiyo maana mtu anayeziruka zile za katikati, kama ulivyofanya wewe kwa sababu ya flashi, hudhani kuna bendi mbili.

Kilichobaki ni kipi? Sikiliza gitaa, kwa kuwa ndiyo kazi yako. Katika *Brave Murder Day* gitaa hushika kipande kifupi cha sauti chache na kukirudia kwa muda mrefu juu ya drami zisizo na haraka, hadi kipande hicho kinaacha kuwa mapambo na kuwa wimbo wenyewe. Tabia hiyo ya kurudia hawakuiacha walipoacha kunguruma. Ukitaka kuipima huzuni yao bila uzito, tafuta *Dethroned & Uncrowned* ya 2013: wameichukua ile *Dead End Kings* ya 2012 uliyonayo, wakaiacha sauti ya Renkse, wakaondoa drami na magitaa mazito, na kuweka vyombo laini mahali pake. Ipige moja, kisha nyingine, wimbo kwa wimbo. Utagundua kwamba nyimbo kadhaa hazikupungukiwa na kitu, na chache, kwa maoni yangu, zilipumua vizuri zaidi.

Usiamini sana wanaosema kwamba yote haya ni kazi ya baridi na giza. Ni kweli kwamba mwezi Desemba jua la Stockholm huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, jambo ambalo sisi tusioijua siku fupi hatuwezi kulifikiria vizuri. Lakini ABBA, kundi la nyimbo changamfu za kuchezeka, nao walitoka katika jiji hilo hilo.

Nyström aliondoka mwaka 2025, na Renkse ndiye mwanzilishi pekee aliyesalia. Bado anaimba.

Swali

Mhariri, mwanangu wa Kidato cha Nne hapa Isevya, Tabora, husikiliza muziki wa namna hii kila usiku. Nimemwuliza maana yake, akasema ni nyimbo za huzuni. Niogope? Mama wa Isevya.

Jibu

Mama, wimbo wa huzuni peke yake si dalili ya ugonjwa. Taarabu tuliyokua nayo imejaa vilio vya mapenzi na bado tuliichezea harusini. Mwombe akufasirie wimbo mmoja, mkae mwusikilize pamoja hadi mwisho, na umwache azungumze. Mtoto anayekueleza kwa nini anaupenda wimbo fulani amekufungulia mlango. Lakini akiwa hali chakula vizuri, hapati usingizi, amejitenga na wenzake au ameanza kusema hana sababu ya kuishi, mpeleke hospitali mara moja, awe anasikiliza Katatonia au kwaya. Ama kuhusu sauti ya juu saa sita za usiku, hilo halihitaji mhariri: hedifoni zinauzwa sokoni.