Kumtibu mtoto kwa dawa ya majaribio: je, ni kujitupa katika maangamizo?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Tunaishi Phoenix, Arizona. Mwanangu wa miaka 6 ana maradhi ya kurithi, hata kikombe hawezi tena kukishika. Daktari anasema inaweza kutengenezwa dawa ya kufuata jeni zake yeye tu, na sheria ya hapa inaruhusu. Ndugu mmoja msikitini kaniambia nikitia saini nitakuwa nimemtupa mtoto katika maangamizo na nimekosa tawakkul, yaani kumtegemea Allah. Karatasi ya ridhaa iko juu ya meza ya jikoni, hii wiki ya tatu.

JIBU: Wa alaykum salaam. Allah amponye mwanao. Wiki hizo tatu ndizo zilizoniuma, kwa sababu aliyekuzuia ameitumia aya pasipo mahali pake.

“Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo” (al-Baqara, 195). Watu waliisoma hivyo hivyo vitani Konstantinopoli, askari mmoja alipowavamia maadui peke yake. Sahaba Abu Ayyub al-Ansari akawakatalia: aya hii ilituteremkia sisi Ansari, watu wa Madina tuliomnusuru Mtume, tulipotaka kubaki tukishughulikia mali zetu. Maangamizo yalikuwa kule kukaa! Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kujitibu alisema: “Jitibuni.” Nani alikuwa na tawakkul kumshinda yeye?

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, anamruhusu baba kumkata mtoto uvimbe, pamoja na hatari yake, ikiwa hatari ya kuuacha ni kubwa zaidi. Mzani wako ni huo. Yule mwanamke wa kifafa aliyemwendea Mtume, akachagua subira akaahidiwa Pepo, alijichagulia mwenyewe. Mtoto wako hajachagua.

Lakini ruhusa ya sheria si ushahidi kwamba dawa inafaa. Sheria ya Marekani ya 2018, inayomruhusu mgonjwa kujaribu dawa ambayo haijaidhinishwa, inataka dawa iwe imevuka hatua ya kwanza ya majaribio. Dawa ya mtu mmoja haina kundi la kujaribiwa, ndipo Arizona ikawa jimbo la kwanza kuifungulia mlango, 2022. Bima hailazimiki kulipa. Mtoto mchanga aliyetibiwa Philadelphia mwaka 2025 kwa dawa yake peke yake alipitia idhini ya mamlaka ya dawa ya taifa. Muulize daktari kama njia hiyo nanyi mnaipata. Muulize pia: ikimzidishia maumivu, inasimamishika? Akikwambia hatari ya dawa inazidi ya ugonjwa, iache, wala huna lawama. Na kwa gharama, mkopo wa riba usiuguse. Waambie jamaa, waambie msikiti.

Mama yake asiyasikie haya kwa watu. Leo usiku, mtoto akishalala, kaeni wawili muisome karatasi hiyo mstari kwa mstari.