Nyoka akiumwa, anza na kipimajoto

Nyoka huugua kimyakimya. Atajikunja palepale alipojikunja jana, nawe utadhani hana neno. Ndiyo maana namfuga chatu wangu na daftari pembeni: amekula lini, amejisaidia lini, amejivua gamba lini, ana uzito gani. Mizani ya jikoni inatosha. Anayemwona nyoka kila siku hagundui anavyokonda, lakini mizani haidanganyiki.

Wanaoanza kufuga hutaharuki zaidi nyoka akigoma kula, wakati mara nyingi hilo ndilo dogo. Chatu mzima anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, hasa macho yakishaingia ukungu wa kibuluu, maana anakaribia kujivua. Mwache. Mimi nashtuka mgomo ukiambatana na kukonda, uti wa mgongo ukianza kuchomoza. Akishapoteza asilimia 10 ya uzito wake, nampeleka kwa daktari.

Kisichosubiri ni pumzi. Wangu nilimkuta usiku mmoja ameinua kichwa na kuegemeza shingo kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Kila akivuta pumzi kulitoka mlio wa kukwaruza, na kwenye tundu moja la pua kulikuwa na kipovu kinachotuna na kunywea. Nyoka hawezi kukohoa kama sisi, kwa hiyo ute ukishajaa ndani kuutoa ni kazi. (Anayekaribia kujivua huweza kutoa mluzi mwembamba puani, lakini hatoi povu.)

Nilishika kipimajoto kwanza. Chatu wa aina yangu anahitaji upande wa joto wenye nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa baridi 25 hadi 27. Upande wake wa joto ulikuwa haufiki hata 28. Taa ilikuwa imechoka. Kinga ya nyoka hutegemea joto la nje, ikiwa baridi inalegea. Nikabadilisha taa, na asubuhi tukaenda kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Akaandikiwa sindano za antibiotiki, zinazochomwa nusu ya mbele ya mwili, na nikaonywa nisiruhusu joto lishuke hadi dozi iishe. Antibiotiki zilizobaki za binadamu usimguse nazo.

Utitiri nao unajionyesha ukiujua: nyoka anashinda ndani ya bakuli la maji, na majini kunaelea vidoa vyeusi. Mpitishie kitambaa cheupe mwilini uone kinachobaki. Ukimtibu yeye peke yake umepoteza muda, kwa kuwa mayai yako kwenye pembe za kasha. Tupa matandazo, safisha kila kitu. Dawa ya mbu ya kupuliza, hapana.

Akitapika mawindo, usimlishe tena kesho yake. Mpe wiki mbili, kisha mawindo madogo, na usimshikeshike siku mbili baada ya mlo. Akirudia kutapika, daktari. Gamba la jicho likibaki baada ya kujivua, kibanio kiweke mbali. Ongeza unyevu, mara nyingi hutoka safari inayofuata.

Mtafute daktari huyo kabla hujamhitaji, maana wengi wamezoea mbwa na ng'ombe. Siku ya kwenda, mtie nyoka kwenye foronya iliyofungwa vizuri, beba daftari, na kama amejisaidia karibuni chukua kinyesi hicho kwenye mfuko ili apimwe minyoo.