Ukuta wa mawe ya volkano bila simenti: angalia tumbo lake

Goma hatukosi mawe. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipasua mji hadi ziwani, na ile ya 2021 ikafika Buhene, pembezoni mwa mji. Jiwe lake ni jeusi, lina vitundu na linakwaruza, kwa hiyo mawe mawili yakikaliana hayatelezi ovyo. Ndiyo maana linafaa kuzungushia paseli (kiwanja) bila simenti, na likipangwa na mkono unaojua, hakuna rangi ya dukani inayoupita uzuri ukuta huo.

Mawe yachague kabla ya kugusa kamba ya kunyooshea ukuta. Yale ya juu ya lava yamejaa mapovu na ni mepesi. Ya chini ni mazito. Mazito yaende kwenye msingi. Gonga kila jiwe kubwa kwa nyundo: lililo zima hulia kwa sauti kali, lenye ufa hutoa sauti butu, na hilo livunjwe liwe vipande vya kujazia. Vaa glavu na miwani, maana ngozi ya lava ni kioo na vipande vyake huruka.

Kwa ukuta wa sentimeta 120 kwenda juu, msingi uwe na upana wa sentimeta 70 na juu 40. Kila upande utalala kuelekea ndani sentimeta 15. Kila mita moja ya urefu wa ukuta, agiza mita moja ya ujazo ya mawe. Ukuta wenyewe utakula kama theluthi mbili, lakini rundo lina nafasi nyingi ndani, na mengine utayakataa. Ondoa majivu na udongo mweusi mpaka ufike kwenye mwamba. Mwamba ukiwa umeinama, uchonge ngazi.

Unajenga kuta mbili nyembamba zinazopeana mgongo. Jiwe lilaze upande wake mrefu uingie ndani, hata kama ukiliweka kwa ubavu lingeonekana kubwa na zuri zaidi. Likalie mawe mawili na kufunika mshono wa chini. Likicheza, kabari iwekwe kutoka ndani. Kabari ya nje hudondoka tetemeko likipita.

Sasa katikati, ambako kuta nyingi hufia. Mafundi wenye haraka hupanga nyuso mbili nzuri, kisha humwaga changarawe na vumbi kwa koleo. Mvua inalishusha vumbi, vipande vinazama, mawe ya nje yanakosa pa kuegemea, na ukuta unatoa tumbo. Jaza kila safu kabla ya kupanda nyingine, kwa mkono, kipande kwa kipande, hadi kisicheze ukikisukuma kwa kidole. Kazi hii haionekani, ndiyo maana msimamie fundi hapa.

Ukifika sentimeta 60, vusha mawe marefu kutoka uso mmoja hadi mwingine, moja kila mita. Ni adimu, kwa hiyo yatenge siku lori linaposhusha. Juu kabisa funika kwa mawe mazito yaliyosimamishwa kwa ubavu na kubanwa.

Usipandishe zaidi ya sentimeta 120 bila kuongeza unene. Ukuta mkubwa wa Great Zimbabwe unafika mita 11 bila chokaa, lakini kuna mahali unene wake unafika mita 5. Anayetaka mita 2 za kuzuia wezi amwite masoni (mwashi), aweke simenti na msingi wa zege. Wala usipake simenti kwenye mishono ya nje tu ili kupendezesha: maji yanayoingia kwa juu yatakosa pa kutokea.

Tumbo likitokea, usiliegemeze mti. Bomoa kwa umbo la V hadi chini ya sehemu iliyovimba, panga mawe chini kwa safu zake, toa vumbi lote, kisha uyarudishe pamoja na kijazio kipya.