Re: Swala wa upande wa Maswa wanaenda wapi msimu wa uwindaji ukianza?

Mkuu, umeuliza kwa nini kule jirani na pori la akiba Maswa kabla ya Julai swala wanaonekana mchana kweupe alafu msimu ukifunguliwa wanapotea kabisa, kama wamehamia Serengeti. Wengi hawajaenda mbali, wamebadili ratiba tu. Wakishasikia milio ya bunduki na magari kila siku wanaanza kula alfajiri na usiku, mchana wanajibanza kwenye vichaka, na ule umbali waliokuwa wanakuvumilia nao unaongezeka, ukisimamisha gari tu washaondoka. Pongo, yule swala wa vichakani, ndo balaa, huyo anaweza kulala kichakani hatua chache tu toka ulipo na usimwone.

Ila usisingizie bunduki peke yake, Julai ni kiangazi, nyasi zinakauka na swala pala akikosa majani mabichi lazima asogee karibu na maji.

Kama unataka kuamini ni woga, vuka kwa boti pale Capri Point, Mwanza, uende hifadhi ya kisiwa cha Saanane, swala pala wa kule hawawindwi na wamezoea watu, unawaona wanakula bila presha wanatikisa masikio tu.

Ushauri wangu, nenda alfajiri, upepo ukupige usoni maana wakinusa harufu yako imekula kwako, na tafadhali sana mkuu usiingie kwenye vitalu vya uwindaji kwa miguu bila kibali, kule watu wanapiga risasi za kweli.