Mwambie anayekufunga kamba

Swali lenu la wiki hii ni kitu gani uliambiwa usahau halafu ukakirudia. Mimi ni milima na kushuka mawe kwa kamba. Naishi Nakuru, 2021 nilitolewa utumbo mkubwa wote juu ya vidonda vilivyokataa dawa, sasa choo kinatokea kwa stoma, yaani tundu walilonifungulia tumboni, hapa kulia chini ya kitovu, kinaingia kwa mfuko. Shangazi aliniambia milima niwaachie wenye matumbo mazima.

Nilingoja mwaka mzima tumbo lipone, maana ukibeba vitu vizito mapema unaweza pata ngiri hapo kando ya stoma, halafu nikaenda Mlima Longonot na mabeste na sikuambia mtu. Hapo ndio nilikosea. Jua kali, vumbi, kivuli hakuna, na mimi nakunywa maji matupu chupa baada ya chupa nikijua najisaidia, kumbe utumbo mkubwa ndio hurudisha maji na chumvi mwilini, kama hauko hayo maji matupu yanapita tu na yanaondoka na chumvi yako. Kufika ukingoni miguu imekaza, kichwa kinazunguka, wananiuliza una nini wewe, nasema ni usingizi. Kutamka tu neno mfuko kuliniogopesha kuliko lile shimo la volkeno lililokuwa mbele yangu.

Mara ya pili ilikuwa hifadhi ya Hell's Gate, ile nguzo ya mawe inaitwa Fischer's Tower, mita 25 hivi. Hiyo siku nilimvuta kando kijana anayefunga watu kamba nikamwambia kila kitu, nikamwonyesha hata mahali mfuko umekaa. Hakushtuka. Aliniuliza tu mkanda utagusa wapi. Tukajaribu ule wa kiunoni nikining'inia chini kabisa, futi mbili tu kutoka ardhini, ukabana palepale kwa stoma, akautoa akaniletea wa mwili mzima unaoshikia mapajani na mabegani. Nikapanda, nikashuka, magoti yakitetemeka kama ya kila mtu.

Siku hizi kwa begi langu hakukosi lita moja ya maji yaliyotiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, nakunywa kidogokidogo. Vibandiko vya kushikia mfuko tumboni nakata tundu nikiwa nyumbani, viwili vya ziada, na navibeba mgongoni siachi kwa gari, kwa sababu jasho likilegeza gundi ukiwa juu gari halikusaidii. Mfuko namwaga ukifika theluthi, singoji ujae. Na wewe uliye na stoma unayesoma hii, tafadhali usijifiche kwa huyo mtu anayeshika maisha yako kwa kamba.

Yule kijana nilimpata tena mwaka huu. Kabla hajamfunga mtu yeyote anawaita mmoja mmoja kando, anauliza kama kuna mahali kwa mwili mkanda haufai kugusa.