Peptidi za kwanza: tazama ufukweni, si kilindini

SWALI: Darasani tumeambiwa asidi amino mbili zikiungana kuwa peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) hutoa maji. Bahari ya kale ilikuwa maji matupu, sasa peptidi za mwanzo ziliunganaje? Nina glaisini, asidi amino ndogo kuliko zote, na udongo mweupe wa Pugu. Nikijaribu, kipimo cha biureti, kile cha kutambua protini, kitatosha?
Mwanafunzi, Kunduchi

JIBU: Piga hesabu kwanza. Molekuli moja ya glaisini ina uzito wa 75, mbili ni 150, lakini zikiungana unapata 132. Zile 18 zilizopungua ni molekuli moja ya maji. Ukiiacha peptidi hiyo katika maji tele, maji hukirudia kile kiungo na kukikata. Ndiyo maana kilindini si pa kutegemea. Afadhali mahali kama mashamba ya chumvi hapo kwenu: bamvua huingia, jua hukausha, hubaki ukoko.

Mwaka 1978 watafiti Lahav, White na Chang waliweka glaisini kwenye udongo wa mfinyanzi, wakawa wanakausha na kulowesha tena na tena kwenye joto lisilofika nyuzi 100. Walipata minyororo mirefu na mingi kuliko pale walipobadilisha joto peke yake. Sababu ni kwamba ukoko ukikauka, molekuli hukwama zilipo. Maji kidogo huzivuruga, kila moja ikapata jirani mpya.

Udongo wa Pugu ni kaolini, aina ya udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo umeanza vizuri. (Ule wa kula wa sokoni achana nao, hujui umechanganywa na nini.) Yeyusha gramu 0.75 za glaisini katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Chukua mililita 10, changanya na gramu moja ya kaolini iliyooshwa, kausha kwenye oveni nyuzi 90, lowesha, rudia angalau mara kumi. Sahani ya pili iwe na udongo na maji tu, maana udongo wa asili huja na vijidudu vyake, navyo vina peptidi zao.

Biureti itakudanganya. Inahitaji viungo viwili vya peptidi au zaidi, na glaisini iliyobaki hushika shaba ikatoa buluu yake. Tumia kromatografia ya karatasi (kimiminika hupanda kwenye karatasi kikitenganisha vitu) na ninhidrini, dawa inayotia rangi palipo na ncha ya amino, ukiweka pembeni doa la glaisini na la peptidi ya glaisini mbili uliyonunua.

Doa litakuwa hafifu. Tena kuna mtego: peptidi ya glaisini mbili hupenda kujikunja ikawa pete, mnyororo ukakomea hapo, na pete haina ncha ya amino ya kushika ninhidrini. Inaweza kuwapo kwenye karatasi yako usiione.