Kabla hujaweka mkasi kwenye kitenge cha mtu

Msimu wa mahafali ukikaribia hapa Dodoma, wateja wanakuja na picha kwenye simu: koti la Chanel, gauni la Dior, gauni la kupishana mbele na kufungwa kiunoni la Diane von Furstenberg. Na kila msimu vijana wapya wanafumua yaleyale waliyofumua waliowatangulia. Nyinyi vijana mnaoanza, cherehani mnaijua, mshono wenu umenyooka, wengine mmetoka VETA na vyeti vyenu. Kinachowaangusha ni karatasi. Mmezoea kupima mtu na kuchora moja kwa moja kwenye kitambaa, sasa mkipewa pateni ya dukani, yaani karatasi zilizochorwa vipande vya nguo vya kufuatisha, mnaiendea kwa mazoea hayohayo.

1. Jua nafasi ya mshono, ule ukingo unaobaki nje ya mstari wa kushonea, imo au haimo. Watengeneza pateni Vogue, McCall's, Butterick na Simplicity wameshaiweka ndani ya mstari wa kukatia: inchi 5/8. Karatasi za jarida la Burda hazina, unaongeza mwenyewe. Ukiongeza inchi moja juu ya Vogue halafu ukashona kwa 5/8, mbavu mbili zina kingo nne, kwa hiyo umezidisha inchi nne. Ukikata Burda juu ya mstari na kushona kwa 5/8, umepoteza mbili na nusu. Ndiyo, najua mteja anataka nafasi ya kuongezea akinenepa. Mwachie ubavuni na mshono wa mgongo tu, na mchoree kwa chaki mstari wa kushonea. Shingo na kwapa msiguse.

2. Saizi. Hapa tukae kidogo, maana ndipo vitenge vinapofia.

Namba ya pateni haina undugu na namba ya nguo ya mtumba. Saizi 14 ya Vogue ya leo ni kifua 36, kiuno 28, nyonga 38. Saizi 14 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa kifua 34. Vipimo vilibadilishwa mwaka 1968. Kwa hiyo pateni ya zamani usisome namba, soma inchi zilizoandikwa nyuma ya bahasha. Na nyingi za zamani zina saizi moja tu ndani, hakuna mistari ya kuchagua.

Sasa kosa lenyewe. Anakuja dada, kifua 39. Jedwali linasema saizi 16 ni 38, saizi 18 ni 40. Kijana anachukua 18 "ili lisimbane". Gauni linaingia kifuani vizuri, lakini bega limeshuka kwenye mkono, shingo imeachama, mgongoni pamefura. Ndipo ukarabati unapoanza. Anapunguza bega, tundu la mkono linabadilika. Mkono aliokwisha kukata haukai tena, anaukunja marinda mawili juu, dada anauliza kama hiyo ndiyo fasheni. Anaingiza dati, lile kunjo linaloshonwa kupunguza upana, shingoni, kifua nacho kinabana. Kitenge kilikuwa yadi sita na mabaki yameshashonwa kilemba, kwa hiyo hakuna hata kiraka cha kurudia. Mteja yuko kwenye benchi, fundi mkuu anajifanya anatafuta bobini.

Sababu ni hii. Pateni hizo zimechorwa kwa mwanamke mwenye tofauti ya kama inchi mbili kati ya kifua cha juu na kifua kamili. Kifua cha juu ni futi ikipita chini ya kwapa, pale kabla matiti hayajaanza; kifua kamili ni futi ikipita kwenye ncha za matiti. Pimeni vyote viwili, kila mteja, kila mara. Dada yetu juu ni 36, kamili 39. Mabega yake, mgongo wake na kwapa zake ni za saizi 14. Tofauti ikifika inchi mbili na nusu au zaidi, chukua kifua cha juu ukakitafute kwenye safu ya kifua, kata saizi hiyo, kisha ongeza upana mbele peke yake.

Kuongeza kwenyewe ni hivi. Nakili kipande cha mbele kwenye karatasi ya kaki, chora na mstari wa kushonea. Weka alama ya ncha ya titi kwa kipimo cha mteja, si kwa kubahatisha. Kutoka hapo shusha mstari hadi kiunoni, sambamba na katikati ya mbele. Pandisha mwingine hadi kwenye kwapa, theluthi moja kutoka chini. Chora wa tatu kutoka ubavuni ukipita katikati ya dati. Kama hakuna dati, mtaizaa. Kata kutoka kiunoni hadi kwenye ncha, endelea hadi kwenye mstari wa kushonea wa kwapa, uache pashikilie kidogo kama bawaba. Kata na ule wa ubavuni, usiachanishe kabisa pale kwenye ncha. Sasa sogeza upande wa ubavu mpaka uwazi wa chini uwe inchi moja na nusu. Tumekosa inchi tatu, na kipande ni nusu ya mbele, ndiyo maana. Dati ya ubavuni itajifungua yenyewe. Kipande cha katikati kitakuwa kifupi: kikate kwa mlalo, kishushe kilingane na mwenzake, ziba mianya kwa karatasi na gundi. Upana uliozidi kiunoni umezwe na dati ya kiuno. Ncha ya dati ishie inchi moja kabla ya titi, isije ikatengeneza pembe.

Pateni za miaka ya 1950 dati zake zinaelekea juu na ni kali, kwa sababu ya sidiria zilizochongoka za zama zile. Shusheni.

3. Pateni ya kupakua mtandaoni: pima mraba wa majaribio uliochapishwa kwenye ukurasa kabla ya kubandika karatasi. Mwenye stationeri akiacha kompyuta ibane ukurasa utoshee A4, mraba wa sentimita 10 unatoka 9.6, na nyonga ya 108 inakuwa 104. Mwambie achapishe kwa asilimia 100.

4. Gauni la kupishana la von Furstenberg la mwaka 1974 ni la kitambaa cha jezi kinachovutika. Kitenge hakivutiki. Bahasha ikisema ni ya vitambaa vya kuvutika, basi ni hivyo: ukiilazimishia kitenge, mvaaji hawezi kuinua mkono na pale mbele panaachia akikaa. Tafuteni pateni ya kupishana yenye dati, iliyochorwa kwa kitambaa kisichovutika. Kitenge kina upana wa kama inchi 45, fuateni safu hiyo kwenye jedwali la yadi. Kikiwa na ndege au maandishi, vipande vyote vitazame upande mmoja, na hapo kitambaa kinaliwa zaidi. Na kifueni kwanza, wanga utoke na kujikunja kuishe.

5. Gauni la Mondrian la Yves Saint Laurent, la mwaka 1965, lile la miraba ya rangi na mistari myeusi, linaonekana kama gunia lililochorwa mistari. Wanafunzi wanashona gauni lililonyooka, wanabandika utepe mweusi juu, halafu wanashangaa kwa nini la picha linakaa mwilini. Lile limeunganishwa vipande, rangi kwa rangi, na umbo la mwili limefichwa ndani ya mishono ya miraba hiyo. Ukitaka lako, kila dati ihamishie kwenye mstari mweusi ulio karibu.

6. Jaribio kabla ya kukata kitambaa chenyewe. Tumieni marikani, au shuka la mtumba la soko la Sabasaba lenye uzito unaokaribia kitambaa chenu. Shona kifua na mkono mmoja tu, mvalishe, andika kwa kalamu juu yake, kisha rudisha masahihisho kwenye kaki. Karatasi ya asili haikatwi. Ile nyembamba ya zamani inyoosheni kwa pasi ya umeme, moto mdogo, bila mvuke. Pasi ya mkaa itamwaga cheche. Na msiitandaze nje kipindi cha upepo, mtaikimbilia hadi Majengo. Lebo ya Chanel anayoleta mteja mfukoni mrudishieni.